Shaka, Toranaga au Osman: uanze na stelingi yupi?

Tamthilia ya kihistoria huuzwa kwanza kwa uso wa mtu. Kabla hujajua hadithi ni ya karne gani, umeshaliona bango: stelingi amesimama, joho au ngozi ya chui begani, macho yanatazama mbali, nyuma yake moshi. Kisha kinakuja kionjo cha dakika mbili. Farasi wanakimbia, mama analia, ngoma inapigwa, upanga unachomolewa alani, halafu tarehe ya kuanza. Ukimaliza kukitazama tayari umeweka matumaini makubwa kwa mtu ambaye hujamsikia akizungumza hata sentensi tatu mfululizo.

Muda wa kutazama nao si wa kuchezea. Wengi wetu tuna saa moja au mbili baada ya chakula cha usiku, bando la kuhesabu, na sebule yenye watu wa rika tatu wanaogombea rimoti. Ndugu na majirani huniuliza mara kwa mara waanze na ipi kati ya tamthilia tatu za kihistoria zilizotangazwa sana miaka hii: Shaka iLembe ya Afrika Kusini, kuhusu Shaka mfalme wa Wazulu; Shōgun iliyotengenezwa na Wamarekani ikaigizwa zaidi kwa Kijapani; na Kuruluş Osman ya Uturuki, kuhusu Osman aliyeanzisha dola ya Kiosmani. Zote tatu zina mwanamume mmoja anayejenga dola. Zote zilimweka mwanamume huyo katikati ya bango. Lakini ukizitazama kwa utulivu utaona kwamba anayeibeba hadithi si lazima awe yule aliyechapishwa mkubwa kuliko wenzake, na hapo ndipo watazamaji wengi wanapokata tamaa mapema na kuacha kitu kizuri.

Sitasimulia mwisho wa hadithi yoyote. Unaweza kusoma bila hofu.

Nimezipima kwa nini

Kipimo cha kwanza ni ahadi: matangazo yalikuambia utamwona nani, akifanya nini, na je, unampata? Cha pili ni stelingi mwenyewe kabla ya kuvaa joho, maana mwigizaji huja na sura za zamani ambazo watazamaji hawazisahau. Cha tatu, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote, ni lugha na mwili. Mtu wa mwaka 1600 hakai kama mtu wa leo, hasalimii kama mtu wa leo, na akisema uongo hausemi kama sisi. Cha nne ni wenye historia: kuna watu ambao babu zao ndio wanaoigizwa, na madai yao ni ya haki. Cha tano ni muda na njia ya kuipata. Mwishoni mwa kila moja nitasema inamfaa nani.

Shaka iLembe

*Ahadi.* Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Mzansi Magic tarehe 18 Juni 2023, baada ya matayarisho ya miaka kadhaa. Jina lenyewe limetoka kwenye sifa za Shaka, pale anapoitwa ilembe linalopita malembe mengine kwa makali. Wengine hulitafsiri shoka, wengine jembe, na sikio la Mswahili halikosi kulisikia jembe ndani yake. Matangazo yalijaa mikuki, ngao na vumbi la vita. Mtazamaji akakaa kumsubiri Shaka mtu mzima ashike mkuki.

Akasubiri sana. Msimu wa kwanza, wenye sehemu 12, unatumia muda wake mwingi kabla ya Shaka kuwa Shaka: mapenzi ya wazazi wake, Senzangakhona na Nandi, mimba isiyotakiwa, mtoto anayekataliwa kwa baba na kusimangwa kwa wajomba. Lemogang Tsipa ndiye Shaka mtu mzima, lakini mzigo wa msimu huo uko kwa Nomzamo Mbatha anayeigiza Nandi. Nimesikia watu wakilalamika kwamba walidanganywa na kionjo. Mimi naona kionjo kilitangaza mti na tamthilia ikaanza na mizizi. Ukiketi ukijua kwamba msimu wa kwanza ni wa mama, hutahisi umepunjwa. Msimu wa pili ulikuja Juni 2025, na humo Tsipa anapata nafasi yake kamili.

*Stelingi kabla ya ngozi ya chui.* Mbatha alikuwa maarufu tangu tamthilia ya Isibaya, akaonekana Hollywood mwaka 2021 kwenye filamu ya Coming 2 America, na kwenye Shaka iLembe ni miongoni mwa wazalishaji wakuu pia. Kwa hiyo alipotangazwa, watu walimsubiri yeye hasa. Tsipa alikuwa anajulikana kwa wapenzi wa filamu za Afrika Kusini, ila si uso wa kila sebule. Hilo lilimsaidia, maana hakuna aliyemtazama akakumbuka tangazo la sabuni. Lakini Mbatha na Tsipa ni karibu rika moja, na wengi walijiuliza kama tutaamini kwamba yule ni mama na huyu ni mwanawe. Jibu la Mbatha liko mabegani. Nandi binti anatembea mwepesi, kidevu juu. Nandi aliyefukuzwa anatembea kama mtu aliyebeba kuni, hata akiwa mikono mitupu. Mtazame miguu yake, usimtazame uso tu.

Juu ya wote wawili kulikuwa na kivuli cha Henry Cele. Kwa watu wa umri fulani Afrika nzima, Shaka ni Henry Cele wa tamthilia ya 1986, golikipa wa zamani mwenye kifua kama mlango. Tamthilia ile ilizungumzwa kwa Kiingereza na hadithi yake ilipitia kwa wazungu waliofika pwani ya Natal, tena ilitengenezwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Ukimlinganisha Tsipa na Cele kwa kifua, Tsipa atashindwa. Ukiwalinganisha kwa nafasi waliyopewa ya kuwa mtu mwenye mama, hofu na aibu, Tsipa amepewa zaidi.

*Lugha na mwili.* Hapa Mswahili ana faida ambayo hataipata kwenye hizo nyingine mbili. Inazungumzwa Kizulu, na Kizulu ni ndugu wa lugha zetu. Abantu, inyama, inyoka, imbuzi: sikio linadaka kabla jicho halijasoma maandishi ya chini. Neno la kumwita malkia ni indlovukazi. Ndani yake mna ndovu, na ile -kazi ya kike ambayo sisi tumebaki nayo kwenye mjakazi. Mara ya kwanza nilipolisikia nilisimamisha picha nikalirudia. Ndovu jike! Mwanamke aliyefukuzwa na mtoto mgongoni anakuja kuitwa hivyo, na waigizaji wanalitamka kwa uzito unaostahili, taratibu, bila kulipitia haraka kama cheo cha kawaida.

*Wenye historia.* Madai hapa ni mazito. Wazulu wana mfalme mpaka leo, na koo za Mthethwa, Ndwandwe na Langeni zipo, kila moja na kumbukumbu zake za nani alimkosea nani. Watengenezaji walifanya mashauriano na wanahistoria na familia za kifalme, na hiyo ndiyo sababu wafalme wengine hawakufanywa vibaraka wa hadithi ya Shaka. Dingiswayo, mfalme wa Mthethwa, anayeigizwa na Thembinkosi Mthembu, na Zwide, mfalme wa Ndwandwe, anayeigizwa na Wiseman Mncube, wanasimama kwa miguu yao.

Huyo Zwide nataka mtazamaji wa Tanzania amwangalie kwa macho mawili. Shaka alipoivunja nguvu ya Ndwandwe, miongoni mwa viongozi waliokimbilia kaskazini alikuwamo Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Watu wake walivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, wakapanda hadi Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki miaka ya 1840. Baada ya kifo chake msafara ukagawanyika, na sehemu yake ikashuka hadi nchi ya Songea. Hao ndio Wangoni. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Bibi yangu mzaa baba alikuwa wa upande wa Peramiho, na akiwa mkali alikuwa akisema sisi tulikuja kwa miguu kutoka mbali. Nilipomwona Zwide kwenye skrini, sikumwona kama adui wa stelingi. Nilimwona mtu ambaye kushindwa kwake kulimleta bibi yangu Ruvuma.

*Muda na njia.* Sehemu 12 za msimu wa kwanza, kila moja isiyozidi saa moja au karibu yake. Iko chini ya MultiChoice, wenye king'amuzi cha DStv, kwa hiyo uliza kifurushi chako kinabeba nini kabla ya kulipia. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Kwa wazee wasiosoma Kiingereza, itabidi mmoja wenu awe mkalimani.

*Inamfaa* mtu anayependa hadithi za familia kuliko mapigano, mwalimu wa historia, na yeyote mwenye damu ya Kingoni. Haimfai anayetaka vita katika nusu saa ya kwanza.

Shōgun

*Ahadi.* Sehemu 10, zilizoanza tarehe 27 Februari 2024 kwenye FX na Hulu huko Marekani na Disney+ kwingineko. Matangazo yalikuwa na majina matatu: Hiroyuki Sanada kama bwana Toranaga, Cosmo Jarvis kama nahodha Mwingereza Blackthorne, na Anna Sawai kama Mariko. Wengi walihofu jambo moja, nami nilihofu vilevile: tutapewa tena hadithi ya mzungu anayefika ugenini akawa bora kuliko wenyeji. Tamthilia ya kwanza ya hadithi hii, ya 1980, ilimfuata Mwingereza wake, aliyeigizwa na Richard Chamberlain, kwa ukaribu kiasi kwamba Kijapani kilichozungumzwa mbele yake kiliachwa bila tafsiri. Mtazamaji alibaki gizani pamoja naye.

Hii mpya imefanya kinyume. Takriban asilimia 70 ya mazungumzo ni Kijapani, na yametafsiriwa. Sasa mtazamaji ndiye anayejua yote na Mwingereza ndiye aliye gizani. Mabadiliko hayo peke yake yamebadilisha stelingi ni nani.

*Stelingi kabla ya kimono.* Sanada ameigiza tangu utotoni, na tamthilia hii ilipoanza kuonyeshwa alikuwa na zaidi ya miaka 60. Wapenzi wa filamu za kivita wanamfahamu tangu The Last Samurai ya 2003, ambamo alikuwa mtu wa pembeni. Safari hii alikuwa stelingi na mzalishaji kwa pamoja, akakagua mavazi, silaha na namna watu wanavyokaa, hata siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa na kipande cha kuigiza. Sawai, aliyezaliwa New Zealand na kukulia Japani, alikuwa ameonekana kwenye tamthilia ya Pachinko. Jarvis alijulikana kidogo. Tuzo za Emmy za 2024 zilimaliza ubishi wa matarajio: tamthilia ilichukua 18, nyingi kuliko msimu mmoja wa tamthilia yoyote kabla yake, na Sanada na Sawai wakapata zile za waigizaji wakuu.

*Lugha na mwili.* Kama una nafasi ya kutazama kitu kimoja tu kwa ajili ya kujifunza uigizaji, tazama Mariko anapotafsiri. Blackthorne anafoka, anamtukana mtu wa hadhi mbele ya wakubwa. Mariko anangoja amalize. Anainamisha macho. Kuna kimya kifupi, kama mtu anayechagua kikombe kisichovunjika, halafu anageuka kwa Toranaga na kusema kitu kifupi, laini, chenye adabu, ambacho si kile kilichosemwa. Toranaga anajua si kile. Mariko anajua kwamba Toranaga anajua. Hakuna upanga uliochomolewa, na bado umeshika pumzi. Sisi tunaoishi kati ya lugha mbili au tatu tunaijua kazi hiyo. Mtoto anayemtafsiria bibi yake maneno ya daktari hospitalini hufanya hivyohivyo: hulainisha, huficha, huchagua.

Maneno yenyewe yalipikwa kwa taabu. Mswada uliandikwa kwa Kiingereza, ukatafsiriwa Kijapani, ukapitiwa na mwandishi wa tamthilia za kale ili usikike wa zama zile, kisha ukarudishwa Kiingereza kwa ajili ya maandishi ya chini. Na Kiingereza unachokisikia kikizungumzwa na Blackthorne na Mariko ndani ya hadithi ni Kireno, lugha ya mapadri na wafanyabiashara waliokuwa Japani wakati huo, Wareno walewale waliokuwa wakijenga Ngome ya Yesu Mombasa miaka ya 1590. Ukilikumbuka hilo, mambo mengi ya chuki kati ya Mwingereza na mapadri yanaeleweka.

*Wenye historia.* Majina yamebadilishwa: Toranaga ni kivuli cha Tokugawa Ieyasu, aliyeshinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, Blackthorne ni kivuli cha William Adams, Mariko wa Hosokawa Gracia. Kwa kubadilisha majina, mwandishi amejipa uhuru, na wenye historia wanaona wazi kwamba hii ni hadithi iliyosukwa juu ya kweli. Lakini ilipigwa picha Kanada, na chanzo chake ni riwaya ya mgeni, kwa hiyo jicho bado ni la mtu wa nje aliyefika akajifunza kwa heshima.

*Muda na njia.* Saa kumi hivi, wikiendi mbili tu. Tatizo ni njia. Kwa ndugu walioko London, Toronto au Minneapolis ni rahisi. Afrika Mashariki njia halali ni finyu, na sitakushauri nyingine. Msimu wa pili umetangazwa, ingawa wa kwanza unajitosheleza.

*Inamfaa* anayeweza kusoma maandishi ya chini bila kuchoka, anayependa siasa za kimyakimya, na mwigizaji chipukizi. Usiitazame huku unachambua mchele. Ukikosa kusoma dakika mbili umepotea.

Kuruluş Osman

*Ahadi.* Hapa tangazo haliishi. Uturuki kila sehemu ya wiki hutanguliwa na fragman, kionjo chake, na mara nyingi zaidi ya kimoja. Kwa hiyo kuanzia Novemba 2019, tamthilia ilipoanza kwenye kituo cha ATV, hadi ilipofungwa mwaka 2025 baada ya misimu sita, wapenzi wake wameishi kwa kuahidiwa kila wiki: Osman atakufa? Mkewe Bala ametekwa? Nani msaliti? Kionjo husema kweli nusu. Anayelia kwenye kionjo mara nyingi analia kwa jambo lingine kabisa. Ukishaizoea lugha hiyo hutaikasirikia.

Katika hizi tatu, hii ndiyo ambayo bango lake linasema kweli zaidi. Burak Özçivit yuko mbele, na tamthilia yote imemwegemea. Wake, makamanda na maadui wamekuja na kuondoka. Yeye alibaki misimu yote sita.

*Stelingi kabla ya kilemba.* Özçivit alianza na uanamitindo. Akawa Bali Bey kwenye Muhteşem Yüzyıl, ile ambayo sisi tuliijua kwa jina la Sultan ilipoonyeshwa na Azam kwa sauti za Kiswahili. Halafu akawa kijana wa mapenzi kwenye Kara Sevda. Kwa hiyo swali la 2019 lilikuwa moja: mvulana mzuri huyu ataweza kuwa mwanzilishi wa dola? Msimu wa kwanza anajitahidi kupita kiasi, anakunja uso kila mara. Kadiri misimu inavyosonga, ndevu zikipata mvi na watoto wakikua, anatulia, na utulivu ule unamfaa.

Matarajio mengine yalimhusu baba. Watu walikuwa wametazama Diriliş Ertuğrul kwa miaka mitano, na Engin Altan Düzyatan alikuwa kwao ndiye Ertuğrul hasa. Ertuğrul mzee alipoonekana kwenye msimu wa pili wa Osman akiwa ni Tamer Yiğit, wengi waliumia. Tuliokuwa tumetazama Sultan tulikuwa tumeshapata chanjo. Hurrem wa Meryem Uzerli aliondoka, akaingia Vahide Perçin, na sebule nzima ikauliza huyu mama ni nani. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunamwita Hurrem bila kigugumizi. Tamthilia ndefu za Kituruki zinahitaji moyo huo. Hata sasa hadithi imehamia kwa mwana, Kuruluş Orhan, iliyoanza 2025 na Mert Yazıcıoğlu kama Orhan, na malalamiko ya kumlinganisha na Özçivit ni yaleyale.

*Lugha na mwili.* Uzuri wake uko kwenye farasi, upinde na hema. Mtu anashuka kwenye farasi, anagusa kifua, anatoa salamu, anaketi mahali panapolingana na cheo chake. Adabu ya baraza inaonyeshwa kwa makini, na mtu wa pwani ataitambua papo hapo: mkubwa anapoingia, wadogo wanasimama. Mazungumzo lakini hurudiarudia. Nguo ni safi mno kwa watu wanaolala mahemani, na Osman akichomwa mshale leo, sehemu ijayo anapanda farasi. Ukiitazama yenye sauti za Kiswahili, unakosa sauti ya Özçivit mwenyewe, ambayo ni nusu ya uigizaji wake. Unachopata ni baba na bibi kufuatilia bila msaada wa mtu.

*Wenye historia.* Maandishi ya wakati wa Osman mwenyewe ni machache sana. Mwandishi wa Bizanti, dola ya Kikristo iliyokuwa jirani, Pachymeres, anamtaja kwenye vita vya mwaka 1302, na masimulizi mengi ya Kiosmani yaliandikwa miaka mia moja na zaidi baadaye. Hati ya wakfu ya 1324 inamtaja Mal Hatun kuwa binti wa Ömer Bey. Kwenye tamthilia ndiye Malhun, mke mwingine wa Osman, na mengi ya nyumba ya Osman yamejazwa na waandishi. Kwa Waturuki hii ni hadithi ya fahari ya taifa. Kwa hiyo maadui Wakristo wa ngome za Bizanti mara nyingi wanachorwa kwa rangi moja tu, ya ubaya. Mtazame Osman kama unavyosikiliza utenzi, usimsome kama kitabu cha historia, na ukitazama na watoto waambie hivyo tangu mwanzo.

*Muda na njia.* Sehemu zaidi ya 180, na kwa kipimo cha Uturuki moja hupita saa mbili. Vituo vya nje huzikata vipande vifupi. Hii si tamthilia ya kumaliza, ni ya kuishi nayo. Faida yake ni kwamba ukikosa siku tatu, hujapotea.

*Inamfaa* familia inayokaa pamoja kila jioni, mtazamaji anayependa kuona swala, dua na salamu zikiheshimiwa kwenye skrini, na anayetaka stelingi mmoja wa kumshangilia bila wasiwasi.

Sasa, kwa hali yako

Kama sebuleni kuna mzee ambaye macho yamechoka au hasomi Kiingereza, Osman ndiyo chaguo lenye huruma, mradi uipate yenye sauti za Kiswahili. Shōgun itamfanya mzee alale, na si kosa lake.

Kama una wikiendi mbili tu na huduma ya kulipia ipo, Shōgun. Mpe nafasi Mariko mpaka sehemu ya tatu. Ukiona hadi hapo bado unamsubiri Mwingereza apigane, iache bila majuto, ladha hazifanani.

Kama umevutiwa na bango la Shaka kwa ajili ya vita, una njia mbili. Unaweza kuanza msimu wa pili moja kwa moja na kumpata Tsipa aliyekomaa, lakini Nandi atakuwa mgeni kwako na maumivu yake yatakupita. Au unaweza kuanza mwanzo ukiwa umejiandaa kwamba vita vinakuja taratibu. Mimi ningechukua ya pili, hata kwa sehemu mbili kila wiki.

Kama unafundisha historia sekondari, chukua Shaka kwa somo la Mfekane, yaani vita na uhamaji wa zama za Shaka, na uhamiaji wa Wangoni, lakini chagua vipande mapema, maana kuna mapenzi na damu ambavyo darasa la kidato cha pili haliviwezi. Vipande vya baraza la Dingiswayo vinatosha kipindi kizima. Shōgun ina ukatili unaoonyeshwa wazi tangu sehemu ya kwanza. Iwe ya watu wazima.

Kama wewe ni mwigizaji na unajiandaa kwa usaili wa tamthilia ya kihistoria hapa nyumbani, tazama zote tatu, sehemu moja moja tu, sauti ukiwa umeizima. Angalia Sanada anavyoketi, Mbatha anavyotembea, Özçivit anavyoshuka kwenye farasi. Kisha washa sauti urudie.

Na kama kwenu ni Songea, Namtumbo au Mbinga, na nyumbani kuna mzee wa Kingoni anayekumbuka majina ya koo, anzeni na Shaka iLembe mkiwa pamoja naye. Zwide akitokea, simamisheni picha mmwache azungumze.